Sheria na Jamaa: Moto Umekuunguza Kazini, Nani Alipe?



Mwezi Juni mwandishi wenu alikuwa Bariadi kwa shughuli za ukoo. Mwenye kuujua mji ule wakati wa msimu wa kununua pamba hahitaji kusimuliwa: malori yaliyojaza hadi juu, nyuzi nyeupe zilizonasa katika miiba ya kandokando ya barabara, na fedha ambazo kwa majuma machache hupita mikononi mwa watu kabla ya kurudi zilikotoka. Katika mgahawa mmoja wa chai karibu na stendi aliketi mbele yangu kijana wa miaka thelathini hivi. Aliniamkia kwa adabu, kisha akashika gilasi kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia aliulaza mezani. Ngozi yake ilikuwa imekunjamana na kung'aa kuanzia kiwiko hadi vidoleni, na vidole viwili vya mwisho havikunjuki.

Si adabu kumwuliza mtu habari za kovu lake, lakini yeye mwenyewe aliyaona macho yangu. "Ni pamba hiyo, baba," akasema.

Mwezi Agosti mwaka uliotangulia alikuwa kibarua wa msimu katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, ambacho nitakiacha bila jina kwa kuwa upande wake sikuusikia. Asubuhi moja robota lililofungwa siku iliyopita lilianza kutoa moshi ghalani. Msimamizi akawaamuru vibarua wanne walikokote nje na kulifungua. Walipokata waya wa kwanza, robota likatanuka, hewa ikaingia, na moto uliokuwa umejificha ndani usiku kucha ukaruka usoni mwao. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli kwa sababu ya wezi. Mpira wa maji ulikuwapo ukutani, maji hayakuwapo. Alitibiwa kwa majuma saba, gharama ya hospitali ikalipwa, akapewa shilingi laki mbili, akatia dole gumba kwenye karatasi ambayo hakusomewa.

"Hayo yamekwisha," akaniambia. "Ilikuwa ajali ya kazi. Moto hauna mwenyewe."

Maneno hayo matatu ya mwisho nimerudi nayo Dar es Salaam, na ndiyo yaliyonifanya niiache mada niliyoahidi juma lililopita kuhusu mirathi. Wengi wetu tunaamini kama aaminivyo kijana yule. Moto ukitokea, husemwa ni mapenzi ya Mungu, au hunong'onwa kwamba ni mkono wa mtu mwenye kijicho, na kule Usukumani mnong'ono wa namna hiyo umekwisha kuwapotezea maisha watu wasio na hatia. Sheria haishughuliki na minong'ono. Inauliza maswali makavu: nani alikuwa na wajibu wa kuzuia, alifanya nini, na wewe uliyeungua ulikuwa umesimama wapi? Swali hilo la mwisho ndilo wasilolitazamia watu, nalo lina uzito kuliko yote.

Tuanze na pamba yenyewe. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa Shinyanga, ndio unaoongoza kwa zao hili nchini. Kwa hiyo penye Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega pana maghala na viwanda vya kuchambulia, vingine vya tangu enzi za vyama vya ushirika vya kwanza. Pamba mbegu ikiingia mashineni na jiwe dogo au kipande cha chuma, msuguano hutoa cheche. Fani ikikauka mafuta, huchemka hadi kuwasha nyuzi. Vumbi la nyuzi likilundikana juu ya nyaya na mota za umeme, hitilafu ndogo huwa moto mkubwa. Nyuzi yenye cheche ikishindiliwa ndani ya robota huweza kufuka polepole kwa saa nyingi, hata kwa siku, bila kuonekana kwa nje, na hulipuka pale inapopata hewa. Mambo haya si siri. Kila fundi wa kiwanda cha pamba anayajua.

Basi, kwa kuwa yanajulikana, hayawezi kuitwa bahati mbaya tupu. Wapo wauzaji wanaochanganya mchanga na maji katika pamba ili mizani iseme uongo, na mwenye kiwanda anaweza kujitetea kwamba jiwe lililotoa cheche si lake. Ni kweli si lake. Lakini mawe hayo huja kila msimu, naye anajua kwamba yatakuja. Cheche huenda isiwe kosa la mtu yeyote. Kumwamuru kibarua mikono mitupu afungue robota linalofuka, mlango ukiwa umefungwa na bomba halina maji, ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda watu wake na hatari, moto ukiwamo, na Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo.

Lakini kijana wa Bariadi hahitaji kuthibitisha hata moja kati ya hayo. Hapa ndipo nilipoweka gilasi yangu chini nikamwambia anisikilize vizuri.

Kwa mfanyakazi, moto si lazima uwe na mwenyewe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Anayechangia ni mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja. Swali la Mfuko si nani mwenye kosa. Swali ni kama umeumia kutokana na kazi yako na ukiwa kazini. Ikiwa ndivyo, unastahili matibabu, na kama huwezi kufanya kazi kwa muda, asilimia 70 ya mshahara wako kwa muda usiozidi miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, daktari hupima kiwango chake: ukiwa asilimia 30 au pungufu, hulipwa kwa mkupuo mmoja; ukizidi hapo, ni pensheni ya kila mwezi. Akifa, wategemezi wake hulipwa, na mazishi yana fungu lake.

Wazee wetu waliofanya kazi viwandani chini ya sheria ya zamani ya mwaka 1949 watakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Fidia ilikuwa na ukomo uliowekwa kwa shilingi ya zamani, na shilingi ilipopoteza thamani ukomo ule ulibaki palepale, hata mkono wa mtu ukawa na bei ya redio. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mnapowasikia watu wakisema fidia ya kazini haina maana, mara nyingi wanaisema sheria ambayo imekwisha kufa.

"Lakini mimi ni kibarua tu," akaniambia. "Aliyetuandika ni wakala, si kiwanda." Ukibarua haumtoi mtu katika sheria hii. Haikuandikwa kwa ajili ya wenye barua za ajira ya kudumu peke yao. Mwajiri anatakiwa ajisajili na kuchangia, na asipofanya hivyo ametenda kosa. Kosa hilo si la aliyeungua. Mwajiri huyo pia anatakiwa kuupasha Mfuko habari za ajali ndani ya siku saba baada ya kuambiwa. Jambo linalomhusu mjeruhiwa mwenyewe ni muda, nao ni mkali: madai yasiyofikishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali huweza kupotea. Tukahesabu pamoja. Tangu Agosti hadi Juni ilikuwa miezi kumi.

Nitarudi kwake. Kwanza nimgeukie mama mwenye kuuza uji nje ya ukuta wa kiwanda, maana moto ule ungeruka ukuta ukamchoma yeye au mwanawe mgongoni, habari ingekuwa nyingine. Yeye si mfanyakazi. Mfuko haumjui. Kwake yeye sasa inambidi amtafute mwenye moto, ampeleke mahakamani, na athibitishe.

Sheria ya madhara ya namna hii katika nchi yetu haikuandikwa yote katika kitabu kimoja. Sehemu kubwa ni sheria ya mazoea ya Uingereza iliyoingizwa Tanganyika tarehe 22 Julai 1920 na ambayo mahakama zetu zimeendelea kuitumia na kuifinyanga. Ndani yake mna shauri moja mashuhuri la mwaka 1868, la Rylands na Fletcher. Ajabu ni kwamba Rylands naye alikuwa mtu wa pamba, mwenye kinu cha nguo huko Lancashire. Alichimbiwa bwawa la maji ya kinu chake; maji yakapenya katika mashimo ya zamani yaliyokuwa chini yake yakafurika mgodi wa makaa ya mawe wa jirani. Rylands mwenyewe hakuwa mzembe. Hata hivyo majaji walisema kwamba mtu akileta katika ardhi yake, kwa matumizi yasiyo ya kawaida, kitu chenye kuweza kudhuru kikitoroka, basi akiweke kwa hatari yake mwenyewe, kikitoroka, atalipa.

Ni kanuni tamu kwa jirani, na mawakili wengi huikimbilia. Mimi ningemshauri mama muuza uji asiitegemee peke yake. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri la moto ulioanzia katika duka la matairi na kuteketeza jengo la jirani. Ikasema kilichotoroka ni moto. Matairi hayakutoroka, na matairi yenyewe si kitu cha hatari isiyo ya kawaida. Mwenye duka akaponea hapo. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini hoja yake itasomwa, na mtu anaweza kusema vivyo hivyo juu ya marobota ya pamba. Gesi katika matangi makubwa au shehena ya petroli ni mambo mengine. Kwa hiyo mama yetu aandae pia ushahidi wa uzembe: kufuli, bomba kavu, robota lililofuka usiku kucha bila mlinzi kupita.

Shauri jingine linaonyesha vizuri jinsi ukuta unavyogawa haki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Agosti 1942, Bibi Read alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mizinga nchini Uingereza. Bomu likalipuka ndani, mtu mmoja akafa, Bibi Read akajeruhiwa. Alishitaki kwa kanuni ile ya Rylands bila kudai uzembe. Mwaka 1946 majaji wa juu wakamkatalia: hakuna kilichotoroka, kwa sababu yeye alikuwa ndani. Ndiyo maana nchi zenye viwanda zilihitaji sheria za fidia zisizouliza kosa, nasi pia tuliihitaji. Bila hiyo, aliye karibu kabisa na moto ndiye angekuwa na haki nyembamba kuliko wote.

Je, mwenye mali anaweza kujificha nyuma ya mtumishi wake? "Si mimi, ni dereva aliyevuta sigara." Jibu lilitolewa mwaka 1942 katika shauri lililotoka Ireland ya Kaskazini. Dereva wa lori la mafuta, akiwa anamimina petroli katika tangi la gereji, aliwasha kiberiti avute sigara, akakitupa chini. Kilichofuata kila mtu anaweza kukikisia. Mwajiri alidai sigara ilikuwa starehe ya dereva binafsi. Majaji wakasema dereva alikuwa akiifanya kazi aliyotumwa, ijapokuwa kwa namna ya kizembe kupita kiasi, na mwajiri akawajibika. Tajiri anayesema hivyo leo anasema hoja iliyokwisha kushindwa zamani.

Hayo si mambo ya mbali. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 huko Embakasi, Nairobi, mahali pa kujazia gesi palilipuka katikati ya makazi ya watu. Watu kadhaa walikufa na mamia waliumia. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kuwa ilikwisha kukataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali pale mara tatu katika mwaka 2023. Katika mkasa kama huo mwenye mali si peke yake wa kuulizwa. Aliyetoa kibali, au aliyeona kazi ikiendelea bila kibali akanyamaza, naye ana la kujibu. Kwetu hapa, anayekusudia kuishitaki Serikali hana budi kutoa kwanza notisi ya siku 90. Wengi hupoteza mashauri yao kwa kulisahau hilo.

Na Morogoro? Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la petroli lilipinduka na watu wakakimbilia kuchota. Moto ulipolipuka uliwaua watu zaidi ya 100. Ni jambo la kusikitisha, na sisemi haya kwa kuwakebehi marehemu, lakini msomaji lazima ajue kwamba mahakama hupima pia mchango wa aliyeumia katika kuumia kwake. Aliyechota petroli kwa dumu na aliyekuwa akipita njia kwenda sokoni hawasimami sawa mbele ya hakimu. Wa kwanza fidia yake yaweza kupunguzwa sana au kukataliwa. Wa pili hana sababu ya kupunguziwa.

Nyumbani vilevile. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli, iwe kwa ulaghai au kwa kutumia dumu lisiloshwa, koroboi hugeuka bomu. Mtungi wa gesi wenye vali mbovu ni hivyohivyo, na mitungi inazidi kuingia majikoni mwetu tangu mkakati wa nishati safi ya kupikia ulipozinduliwa Mei 2024. Watu hudhani aliyenunua ndiye pekee mwenye kudai. Sivyo. Tangu shauri la mwaka 1932 la mwanamke wa Scotland aliyenyweshwa soda yenye konokono, chupa ikiwa imenunuliwa na rafiki yake, mtengenezaji wa bidhaa ana wajibu kwa mtumiaji hata kama hawakuuziana kitu. Mtoto aliyeungua jikoni ana haki yake ijapokuwa mtungi ulinunuliwa na baba. Na kwake yeye muda hauhesabiwi kama kwa mtu mzima. Kwa kawaida shauri la madhara hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Kwa mtoto, miaka hiyo huanza kuhesabiwa anapofikisha 18.

Ushahidi ndio unaotuangusha. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1992 kwamba hasara mahususi, yaani fedha zilizotoka mfukoni, lazima itajwe wazi katika hati ya madai na ithibitishwe barabara. Nauli ya kwenda hospitali, dawa, siku ulizokosa kibarua: kila kimoja kinataka karatasi. Akina mama wanaoweka risiti za dawa katika mfuko wa rambo chini ya godoro wamewasaidia waume zao kuliko wanavyojua. Chukueni fomu ya polisi, PF3. Tunzeni kadi ya hospitali. Pigeni picha kufuli kabla halijaondolewa. Andikeni majina ya waliokuwapo, kwa maana vibarua wa msimu hutawanyika pamba ikiisha. Na kabla ya kutia dole gumba kwenye karatasi yoyote ya kumaliza maneno, isomewe na mtu asiye wa mwajiri: ofisa wa Mfuko, ofisa kazi, au msaidizi wa kisheria, ambaye anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Nilimweleza kijana yale yaliyomhusu, si habari za Rylands. Alinyamaza muda mrefu. Nikadhani anahesabu fedha, kumbe sivyo.

"Msimamizi yule," akasema, "ni shemeji wa dada yangu. Ndiye aliyenitafutia kibarua. Nikimshitaki, nyumbani kwa dada nitaingia vipi?"

Nikamwambia hatamshitaki shemeji yake, wala hatamwita mtu yeyote mahakamani. Anapeleka madai kwenye Mfuko ambao mwajiri anapaswa kuuchangia kwa ajili ya siku kama ile. Akauliza kama shemeji ataulizwa maneno. Sikutaka kumdanganya: nilimjibu kwamba huenda akaulizwa robota lilifunguliwaje.

Alitoa kutoka mfuko wa shati kadi ya hospitali iliyokunjwa mara nne ndani ya nailoni. Tarehe ya kuingizwa wodini ilisomeka vizuri. Akaniomba niandike nyuma yake jina la Mfuko na siku ya mwisho. Niliandika kwa herufi kubwa. Basi langu la Mwanza likapiga honi. Aliniambia atakwenda kuzungumza na mke wake kwanza, kisha na dada.